Masomo ya Kompyuta Yapo Bure: Masoko Tulipie Nini?

Hotuba ya kamati ndogo ya elimu katika harambee ya mwaka

 

Mkutano wa mwaka jana uliipa kamati yetu kazi. Mzee mmoja kutoka nyumbani alisimama kule nyuma akauliza inakuwaje wajukuu zake walioko mjini wanaandika programu za kompyuta wakiwa darasa la tano, na wajukuu zake walioko Masoko, wa damu ileile, wanamaliza kidato cha nne hawajawahi kugusa kibodi. Ukumbi ulinyamaza kidogo, kisha ikapitishwa kwamba kamati ndogo ya elimu iende ikatafute: watoto wa Masoko wanaweza kujifunza kompyuta kwa vifaa gani, kwa masomo gani, kwa mwalimu gani, na kwa shilingi ngapi.

Tumetafuta. Katika kamati tumo wahasibu wawili, mwalimu mstaafu, muuguzi, na kijana wetu mmoja anayesomea mambo hayo Mbeya. Kwa hiyo mtatuvumilia hesabu zikizidi hadithi.

Jibu tulilorudi nalo ni kwamba masomo yenyewe ni bure. Tunaposema bure tunamaanisha shilingi sifuri: masomo ya kuanzia mtoto wa darasa la tatu hadi yanayofundishwa vyuo vikuu vikubwa vya Marekani. Gharama iko kwenye vitu vinavyoyazunguka, yaani umeme, chumba kikavu, fundi, na mtu wa kufungua mlango na kukaa na watoto. Harambee nyingi hazichangii vitu hivyo kwa sababu havipigwi picha vikapendeza. Sisi leo tunaomba mvichangie.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini, maana wazee wametuuliza tangu asubuhi. Vijana wanaita kodingi. Sisi wahasibu tukisikia neno linaloanza na kodi tunashtuka, tunakumbuka TRA. Hiyo ni kazi ya kuipa kompyuta maelekezo, hatua kwa hatua, bila kuruka hata moja. Mama anayemtuma mtoto akapike ndizi humwambia "kapike", basi, mtoto anajua kumenya, kuosha, kuwasha moto. Kompyuta haijui. Usipoiambia imenye, itapika na maganda. Anayejifunza kuandika programu anajifunza kufikiri kila hatua kabla haijatendeka, na hilo ni somo hata kwa asiyekuja kuajiriwa kwenye kompyuta maisha yake yote.

Tulikwenda nyumbani mara mbili, mara moja wakati wa mvua na mara moja wakati wa kiangazi. Hatutataja shule, kwa sababu tuliyoyakuta yangeweza kukutwa kwenye shule yoyote ya kata nchini. Katika shule moja tulionyeshwa chumba cha kompyuta. Ufunguo ulitafutwa kwa karibu saa nzima. Ndani tulikuta mashine kumi, zimefunikwa vitambaa vizuri vilivyofumwa kwa mkono, na vumbi juu ya vitambaa. Wafadhili walizileta, zikazinduliwa kwa ngoma na hotuba. Mwalimu aliyepewa mafunzo ya kuzitumia akahamishwa mkoa mwingine mwaka uliofuata. Mashine mbili ziliungua siku ya radi, na kuanzia hapo uongozi ukaona heri zifungiwe, zisije zikaharibika zote na mtu akaulizwa. Hatuwezi kuwalaumu. Mali ya umma ikipotea kuna wa kuwajibika, lakini mtoto akimaliza shule bila kujifunza haandikiwi barua mtu yeyote.

Kwa lugha ya vitabu vyetu vya hesabu, mashine zile zimekwisha. Sheria ya Kodi ya Mapato inaiweka kompyuta katika kundi la mali inayopungua thamani haraka kuliko karibu kitu kingine chochote ofisini, asilimia 37.5 kwa mwaka. Kompyuta ya shilingi 1,000,000 baada ya miaka mitatu inabaki vitabuni na kama shilingi 244,000. Haijali kama ilitumika au ilifunikwa kitambaa. Ng'ombe akikaa bandani bila kukamuliwa angalau ana samadi.

Siku hiyohiyo, tulipokuwa tunaondoka, binti mmoja wa kidato cha tatu alitufuata hadi kwenye gari. Akatuamkia, "Shikamooni," akanyoosha daftari la mistari la kurasa 96. Mwalimu wake wa hisabati ndiye aliyemwambia atuonyeshe. Ndani ameandika programu kwa kalamu ya wino.

Ndugu zetu, tunaomba tukae hapa kidogo, kwa sababu ripoti yetu yote imesimama juu ya daftari lile. Binti huyu ana kaka yake anayeendesha bodaboda Tukuyu. Jumapili kaka akija nyumbani humwachia simu kwa saa moja au mbili, na kwenye simu hiyo ameweka programu ya bure ya kujifunzia lugha ya kompyuta iitwayo Python. Saa mbili za Jumapili. Siku nyingine sita anaandika kwenye daftari, na kwa kuwa hana mashine ya kuendesha alichoandika, anakiendesha mwenyewe kwa kichwa. Amechora jedwali pembeni: safu ya kilo, safu ya bei, safu ya makato, safu ya jumla. Anapita mstari kwa mstari, anafuta namba ya zamani kwa kifutio, anaandika mpya, kama ambavyo kompyuta ingefanya. Karatasi pale penye safu ya jumla imekaribia kutoboka.

Programu yenyewe ilikuwa ya kukokotoa malipo ya maziwa ya kaya tano kwa wiki. Mama yake anapeleka maziwa kituoni, ndiyo hesabu anayoifahamu. Tuliikagua pale pale, wahasibu wawili, juu ya boneti ya gari. Hesabu zilikuwa sahihi. Kisha yeye akatuuliza: siku ambayo mtu hakuleta maziwa, gharama ya usafiri akatwe au asikatwe? Maana jinsi alivyoiandika, asiyeleta kitu anatoka na deni. Hilo ni swali ambalo tumeliona likigawanya wajumbe wa bodi za ushirika kwa nusu siku nzima. Yeye alilifikia peke yake kwa penseli na kifutio.

Na mashine kumi zilikuwa hatua hamsini kutoka darasani kwake.

Tukimrudia yule mzee wetu wa mwaka jana, basi, akili nyumbani zipo kama zilivyo mjini. Tuelezee sasa tulichokipata katika kutafuta masomo, tena tutachagua, maana orodha nzima ni ndefu na mingine tuliiona ni biashara ya watu.

Kwa watoto wa shule ya msingi tunapendekeza Scratch. Ilitengenezwa na chuo cha MIT cha Marekani na ikatolewa kwa umma mwaka 2007. Mtoto hachapi maneno, anaburuta vipande vya rangi na kuvipachika kama matofali, na paka aliyeko kwenye kioo anatembea, anaruka, anahesabu. Vipande hivyo vinaweza kusomeka kwa Kiswahili. Jambo hilo ni kubwa kuliko linavyosikika. Watoto wetu wengi hawashindwi kufikiri, wanashindwa kuelewa swali kwa Kiingereza. Tena Scratch ikishapakuliwa mara moja inafanya kazi bila intaneti, na inakubali kwenye vishikwambi.

Hapo kwenye vishikwambi tusimame. Baada ya Sensa ya Agosti 2022, Serikali ilivikabidhi vishikwambi vilivyotumika kuhesabia watu kwa walimu. Kwa maana hiyo vifaa vimo tayari mikononi mwa walimu wa Masoko. Tulipouliza, walimu walituambia wanavitumia kusomea maandalio na kutunzia kumbukumbu. Hakuna aliyekuwa amewahi kuiona Scratch. Kijana wetu wa Mbeya aliwawekea walimu wanne kwa mchana mmoja, na kabla jua halijazama mwalimu wa darasa la nne alikuwa amemfanya paka asome jedwali la saba.

Kuna pia masomo yasiyohitaji umeme hata kidogo. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Canterbury kule New Zealand waliyaandika tangu miaka ya 1990, yanaitwa CS Unplugged, yanapatikana bure na unaweza kuyachapa. Watoto watano wanasimama mbele, kila mmoja ana kadi yenye nukta: 16, 8, 4, 2 na 1. Kadi ikifunuliwa inahesabika, ikigeuzwa haihesabiki. Kwa kadi hizo tano wanaweza kutaja namba yoyote kuanzia 0 hadi 31, na hapo wameshajua kompyuta inavyohifadhi namba. Mwalimu mstaafu wetu aliwachezesha darasa la sita chini ya mti. Mahitaji: boksi la karatasi ngumu na kalamu nene. Wazee wetu wanaokumbuka simulizi za vijana wa rika moja wa Kinyakyusa waliojenga kijiji chao na kukaa pamoja wangependa kuwaona watoto wale wakibishana kadi ipi igeuzwe.

Kwa sekondari, Python. Imekuwapo tangu mwaka 1991, ni bure, inatumika na mabenki na watafiti, na maneno yake ya msingi ni machache kiasi kwamba mtoto anaweza kuyabandika ukutani kwa Kiswahili pembeni. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada. Somo la Sayansi ya Kompyuta limo katika mitaala iliyoboreshwa ambayo utekelezaji wake ulianza Januari 2024, kwa hiyo tunachokifanya hakipingani na darasa, kinalisaidia. Wenzetu wa Kenya waliidhinisha mtaala wa kuandika programu mashuleni mwaka 2022. Hatukimbizani nao, lakini watoto hawa watakutana kwenye usaili mmoja.

Mtauliza: intaneti je? Bando ni ghali na mtandao kwenye mabonde yetu mnaujua. Hapa ndipo tulipofurahi zaidi katika safari yote. Kuna programu ya bure iitwayo Kolibri, iliyotengenezwa kwa ajili ya sehemu zisizo na intaneti. Unakwenda mjini kwenye mtandao mzuri, unapakua masomo mara moja, maelfu ya video na mazoezi, yakiwamo ya Kiswahili, unayaweka kwenye kompyuta moja. Ukirudi kijijini kompyuta hiyo inarusha mawimbi yake humo chumbani, na kila simu, kishikwambi au kompyuta nyingine iliyomo inayasoma masomo bila kutumia hata senti ya bando. Kompyuta ndogo aina ya Raspberry Pi inatosha kuifanya kazi hiyo. Ilipoingia sokoni mwaka 2012 iliuzwa dola 35, na ukubwa wake unakaribia ule wa kadi ya benki. Inakula umeme kidogo mno, kwa chaja inayofanana na ya simu.

Watu wametafuta hazina ndani ya Ziwa Masoko kwa zaidi ya miaka mia, wakisimuliana kwamba Wajerumani waliitupa humo wakati wa Vita ya Kwanza. Hazina ya masomo haya haina haja ya mpiga mbizi. Inaingia kwenye flashi.

Lakini tahadhari. Masomo ya bure hayajifundishi yenyewe. Hapa kamati iligawanyika, na ni vizuri mjue. Wawili kati yetu walisema watoto wakipewa vifaa watajua wenyewe, wakatoa mfano wa Tanga. Mfano ni mzuri. Kati ya 2017 na 2019 vijiji kama 170 vya mkoa wa Tanga viliingizwa kwenye shindano la kimataifa la XPRIZE. Watoto wapatao 2,700, wengi wao wasiokuwa shuleni, walipewa vishikwambi vyenye programu za kuwafundisha kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, bila mwalimu. Walijifunza. Washindi wawili, onebillion na Kitkit School, walitangazwa mwaka 2019, na programu za shindano zikawekwa wazi kwa yeyote kuzitumia. Hata hivyo, ukiangalia vizuri, vituo vya kuchajia kwa sola vilijengwa vijijini humohumo. Kulikuwa na utaratibu, na kulikuwa na watu. Mwalimu hakuwepo, lakini mlezi wa kifaa alikuwepo.

Nchi yetu ina mfano wa upande wa pili, ambao wahasibu tunausimuliana. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Miaka kadhaa baadaye hesabu za Serikali zilizotegemea mashine na wataalamu wa kutoka nje zikavurugika, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, pamoja na televisheni. Baadhi yenu humu ukumbini mlisoma na kuanza kazi ndani ya marufuku hiyo, mkajumlisha vitabu kwa mashine za kuzungusha mkono. Mashine zilitangulia, watu wa kuzielewa wakawa hawajaandaliwa. Haikuchukua muda mrefu baada ya milango kufunguliwa kuona tofauti: mwaka 2004 Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wenzao wa Sweden, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuchapa na kufanyia hesabu iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Watanzania wale hawakununuliwa dukani. Walifundishwa.

Kwa sababu hiyo kamati, baada ya kubishana, imekubaliana kwa kauli moja kutopendekeza kununua kompyuta mpya ishirini. Tunajua wapo wanachama waliokuja na wazo hilo, na mmoja wenu ameshaahidi kwa nia njema kabisa. Tunamheshimu, na tunamwomba atusikilize mpaka mwisho.

Katika kila shilingi 100 mtakayotoa leo, mapendekezo yetu ni haya. Shilingi 35 ziwe posho na nauli za vijana wakufunzi. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya kiko kama kilomita 70 hivi kutoka Tukuyu, na wamo watoto wetu pale wanaosomea fani hizi. Wawili wawili, Jumamosi mbili kwa mwezi, na wiki tatu wakati wa likizo. Watakaa na mwalimu wa shule, wamfundishe yeye kwanza, na walimu wawe wawili kila shule. Mmoja akihamishwa, mwingine anabaki na ufunguo.

Shilingi 25 ziende kwenye umeme na chumba. Mjini hamkumbuki mvua ya Rungwe inavyonyesha. Sehemu zetu zinapata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, unyevu unaingia mpaka kwenye sanduku la nguo, na kompyuta inaota ukungu ndani bila mtu kujua. Tunataka dari, madirisha yanayofunga, kinga ya radi, betri ya kuhimili umeme unapokatika katikati ya somo. Sola peke yake hatuiamini kwa miezi ile ambayo jua tunalisikia redioni.

Shilingi 20 ni za vifaa: kompyuta mpakato zilizotumika na kukarabatiwa, na kompyuta ndogo tatu za kutunzia masomo, moja kila shule. Shilingi 15 ni mfuko wa matengenezo, na huu hauguswi kwa jambo lingine lolote, hata msiba. Tumeusema mapema ili tusije tukaonana wabaya. Shilingi 5 zilizobaki ni za usafiri wa kamati na ukaguzi, na taarifa yake itachapishwa katika kitabu hiki mwaka ujao, risiti kwa risiti.

Mashine zile kumi, tumezungumza na uongozi wa shule na wamekubali fundi aje azifungue. Kijana wetu anakadiria sita au saba zitafufuka zikiwekewa mfumo wa bure ulio mwepesi. Pia tutaandika barua, kupitia Halmashauri ya Wilaya ya Rungwe, kwa Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ambao kazi yake ni pamoja na kupeleka vifaa vya TEHAMA shule za umma na kuwapa walimu mafunzo. Ni haki ya shule zetu kuomba. Lakini mfuko huo hauwezi kuja kukaa na ufunguo.

Swali la wasichana lilitoka kwa muuguzi wetu na hatulipiti haraka. Saa za jioni ndizo saa za kuteka maji, kupika na kulea wadogo. Ukiweka mafunzo saa kumi na moja jioni, umewaondoa wasichana bila kuwafukuza. Na chumba chenye kompyuta chache hujazwa na wavulana, hilo liko kila mahali. Hapa Dar es Salaam Apps and Girls, iliyoanzishwa mwaka 2013, ilianza kuwafundisha wasichana kuandika programu katika makundi yao wenyewe kwa sababu kama hizo. Tumepanga Jumamosi asubuhi ya kwanza iwe ya wasichana pekee, na mlezi wa kike awepo muda wote. Wazazi wa kiume mlioko hapa, tunawaomba mtusaidie jambo moja lisilo na gharama: pigeni simu nyumbani mseme Jumamosi ile binti asitumwe shambani wala gulioni.

Mama mmoja nyumbani alituambia simu zinaharibu watoto na sasa mnataka kuziongeza. Hofu yake ni ya kweli. Ndiyo maana masomo yatakuwa ndani ya chumba, kwenye mtandao wetu wa ndani usio na mlango wa kutokea nje, na mtu mzima akiwepo. Tulipomweleza kwamba ndani yake hakuna picha za ovyo wala kamari, alisema atakuja kuona mwenyewe. Tumemwalika awe mjumbe wa kamati ya wazazi.

Tunaomba vitu vitatu, basi tukae. Fedha: fomu za ahadi ziko mezani kwa mweka hazina, na kila ahadi ya leo ilipwe ndani ya siku tisini kupitia akaunti ya umoja, si mkononi mwa mtu, hata awe mjumbe wa kamati hii. Kompyuta mpakato: ofisini kwenu zipo zinazoondolewa vitabuni kila mwaka, nyingine bado nzima. Ulizeni taratibu za ofisi zenu, leteni na barua ya ruhusa. Isiyo na barua hatutaipokea. Tutazifuta kumbukumbu zote mbele yenu kabla hazijapanda gari la Tukuyu. Cha tatu ni muda. Mliosomea kompyuta mnajuana. Mkirudi nyumbani Desemba, kabla ya kuketi kula, tupeni asubuhi moja.

Yule binti yuko kidato cha nne sasa. Mafunzo yakianza likizo ya Juni atapata wiki tatu za kompyuta kabla ya mtihani wa Novemba. Yakianza Desemba atakuwa ameshaondoka shuleni. Mweka hazina amekaa pale kulia karibu na mlango, na kalamu anazo.